Mama, Unachapa Bango Juu ya Nini?

Ukipita Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, utaona kwamba karibu kila biashara ina bango lake. Saluni, duka la dawa, mama lishe, shule ya chekechea, hata mkutano wa injili na sherehe ya kipaimara, vyote hutangazwa kwa bango. Ndiyo maana baadhi ya akina mama, peke yao au pamoja na waume zao, wamefungua fremu za kuchapa mabango na stika.

Mtaji wa kazi hii si mdogo. Mara nyingi ni akiba ya familia au mkopo wa kikundi, na fedha ya roli moja mbovu yaweza kuwa karo ya mtoto. Tena hasara yenyewe haionekani siku ya kununua. Huja baada ya masika, mteja anaporudi na bango lililopauka na kuchanika. Basi, mama mpendwa, yapime mambo haya kabla hujafungua pochi.

Wino na roli vipatane

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile na ubao ule vilishikana vizuri, na vyote vilipatikana kwa bei aliyoiweza. Kanuni hiyo haijabadilika.

Wino wenye viyeyushi hulainisha kidogo ngozi ya plastiki, ukaingia na kushika. Wino wa maji hauwezi hivyo. Wenyewe huhitaji karatasi au kitambaa kilichopakwa tabaka la kunyonya wino. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "bei gani?" bali "hii ni ya wino gani?"

Kila kazi na roli lake

1. Fleksi. Huu ni wavu wa nyuzi uliofunikwa kwa plastiki ya PVC. Uzito wake hutajwa kwa gramu za mita moja ya mraba. Ya gramu 280 au 340 yatosha kwa sherehe au tangazo la wiki chache. Bango la kukaa nje mwaka mzima lataka gramu 440 au zaidi. Bango la kuwekewa taa ndani lina fleksi yake, inayopitisha mwanga sawasawa. Mahali pa upepo mkali, kama Kigamboni karibu na bahari, tumia fleksi yenye matundu ili upepo upite.

2. Stika. Ile ya bei nafuu, iliyovutwa katika mashine, hufaa vioo, milango na kuta laini. Ukiibandika kwenye mikunjo ya gari au bajaji, baada ya muda hujivuta na kubanduka pembeni. Kwa mikunjo, nunua stika nyembamba na laini iliyotengenezwa kwa kumiminwa. Ukibandika juu ya maandishi ya zamani, chagua yenye gundi ya kijivu, ambayo huficha ya chini. Kwa kioo cha duka ipo ya matundu: aliye nje huona picha, aliye ndani huona barabara.

3. Karatasi. Hii ni ya ndani tu. Usimuuzie mteja wa barabarani kwa sababu ni rahisi.

Pima kwa mizani

Kliniki hatukisii uzito wa mtoto kwa kumtazama, tunampima. Nawe fanya hivyo. Roli lenye upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 50 lina mita za mraba 80. Likiwa kweli la gramu 440, fleksi yake ina kilo 35 na kidogo, bila bomba la katikati. Likiwa la gramu 280, ni kilo 22 na nusu hivi. Kama hukubaliwi kupima roli zima, omba kipande cha sentimita 50 kwa 20. Hiyo ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba, na kipande cha gramu 440 kitakuwa na gramu 44.

Kisha chapa kipande kidogo, kiache kikauke hadi kesho yake. Kikwaruze kwa ukucha, kikunje, kiloweshe, halafu kiweke juani mwezi mzima. Ndipo ununue maroli mengi. Yahifadhi yakiwa yamefungwa, mbali na vumbi na sakafu yenye unyevu.

Mweleze mteja bei zote mbili, ya nyepesi na ya nzito, na uandike gramu kwenye risiti. Risiti hiyo huzuia ugomvi.

Usiiuze afya yako

Hapa nasema kama muuguzi. Harufu ya wino wa viyeyushi si harufu tu. Ni mvuke unaoingia mapafuni, nao huweza kuleta kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuwasha na kikohozi. Kwa hiyo:

- Fungua madirisha mawili yanayotazamana, na feni isukume hewa nje.
- Mjamzito asikae kwenye mashine wala kusafisha vichwa vyake.
- Mtoto asilazwe katika chumba hicho, hata kama ndipo penye feni.
- Usile humo, wala usiwashe jiko. Mvuke wa viyeyushi hushika moto.
- Vaa glovu unaposhika wino. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati.
- Mtoto akinywa wino au kiyeyushi, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa yake uibebe.

Mabaki nayo

Nyumba nyingi huwasha mkaa kwa kipande cha plastiki. Usitumie kamwe mabaki ya fleksi wala stika kuwashia jiko. PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi na sumu nyingine zinazodhuru mapafu ya anayepuliza moto na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Usianikie dagaa, mahindi wala unga juu ya bango kuukuu, maana plastiki hiyo imelainishwa kwa kemikali, na juu yake kuna wino. Bango kuukuu lafaa kuwa kivuli cha genge au kuzibia banda la kuku mvua isiingie.

Mama, rahisi huweza kuwa ghali. Ijumaa unapofunga hesabu, usihesabu mabango uliyouza tu. Hesabu pia yaliyorudishwa, na uulize waliokuwa ndani ya fremu wanaendeleaje kifua.