Kabla ya Kuunganisha Kifaa Chako na Mtandao

Si ajabu siku hizi, mjini Moshi au katika vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu, kukuta kisanduku kidogo kinachofanya kazi ya mlinzi. Kimoja huwasha pampu maji ya tangi yanapopungua, kingine hutunza joto la banda la vifaranga. Ndani yake mna mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo mno iliyomo katika kipande kimoja, ambayo husoma vitambuzi na kutoa amri. Kikiwa peke yake, kifaa hicho hula umeme kidogo na hakimdai mwenyewe chochote baada ya kununuliwa. Ndipo mteja anapomwambia fundi: “Niwekee na mtandao, ili nikiwa Dar es Salaam nijue kama tangi limejaa.”

Ombi hilo ni la haki. Wenye vihamba wengi huishi mbali, na si kila jambo la nyumbani laweza kungoja Desemba. Hata hivyo, kuongeza mtandao si sawa na kuongeza taa. Ni kukifanya kifaa kitegemee mnara, salio, laini ya simu na pengine kampuni iliyo nje ya nchi, kwa muda wote kitakaotumika.

Kwa hiyo swali tunalomshauri mteja alitangulize ni hili: mtandao usipokuwepo, kifaa kitafanya nini? Kuna miundo miwili. Katika wa kwanza, uamuzi hubaki ndani ya kisanduku: boya likipanda, pampu huzimwa, kisha mwenyewe huarifiwa. Katika wa pili, kifaa hupeleka kipimo kwenye seva ya mbali na kungoja amri. Muundo wa pili huvutia dukani, kwa kuwa huonyesha michoro mizuri kwenye simu. Lakini mawasiliano yakikatika wakati pampu inafanya kazi, tangi litafurika, au pampu itazunguka bila maji hadi iungue. Tena mwenye seva akifunga huduma yake, kifaa kizima hugeuka mapambo ya ukutani. Sisi twapendelea wa kwanza bila kusita. Namna ya kuutambua ni rahisi: kabla ya kulipa, mwombe fundi achomoe kadi ya simu au azime Wi-Fi, kisha simama utazame tangi likijaa hadi mwisho.

Jambo la pili ni umeme, nalo ndilo huzaa ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi. Mikrokontrola yenyewe hutosheka na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kipande cha simu kinachotumia mtandao wa kizazi cha pili, kinapotuma, huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi mno. Fundi akiacha chaja ileile ya zamani na nyaya zilezile nyembamba, volti hushuka ghafla, mikrokontrola hujizima na kuanza upya, hujaribu tena kutuma, na hujizima tena. Mteja huambiwa kwamba mtandao ni mbovu, ilhali mnara hauna kosa lolote. Dawa yake ni chanzo cha umeme chenye nguvu ya kutosha, nyaya fupi na nene, na kapasita kubwa karibu na kipande cha simu. Kwa kifaa cha betri na sola, uliza pia hutuma mara ngapi. Taarifa moja kwa saa na muunganiko usiokatika ni mizigo miwili tofauti kabisa kwa betri.

Kuhusu mawimbi, mlima una tabia zake. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Lakini nyumba iliyo chini kabisa ya korongo, kati ya migongo miwili, yaweza kukosa hata nafasi ya kupiga simu. Basi pima palepale kifaa kitakapokaa, kwa simu yenye laini ya kampuni ileile, wala si barabarani juu. Kisanduku cha chuma huzuia mawimbi, hivyo antena itoke nje. Wi-Fi ya nyumbani nayo hudhoofika inapopita katika migomba, kwa sababu majani na mashina yake yamejaa maji. Tangi lililo mwisho wa kihamba lisitarajiwe kuipata.

Laini ya kifaa isajiliwe kwa jina lako, wala si la fundi. Usajili kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019, na kanuni za mwaka 2020 zinatambua laini za mawasiliano ya mashine kwa mashine. Mweleze wakala kwamba hayo ndiyo matumizi yako. Kwa kupiga *106# utaweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kumbuka pia kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa.

Je, wahitaji mtandao kweli? Tazama mita ya LUKU ya kubonyeza. Haina laini ya simu. Mteja mwenyewe ndiye mtandao wake, akibeba tarakimu 20 kutoka kwenye simu hadi ukutani. Haina bando la kulipiwa, wala hakuna awezaye kuiingilia kutoka mbali. Lakini hesabu ya muda ya mfumo huo wa mita, iliyoanzia mwaka 1993, ilipofikia ukomo 24 Novemba 2024, ililazimu kila mteja wa mita hizo aingize kwa mkono mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya umeme aliounua. Kifaa chenye mtandao huweza kupokea marekebisho kikiwa palepale. Muulize muuzaji ni nani atakayeyatuma, na kwa miaka mingapi.

Mlango huo wa marekebisho ni mlango wa wengine pia. Badilisha nenosiri la kiwandani siku ileile ya kwanza. Kifaa kinachotii ujumbe mfupi kutoka namba yoyote ni hatari. Kidai namba zilizoorodheshwa na neno la siri kwa pamoja. Kikiwa na kamera, picha za watu zinazokusanywa na kampuni husika zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho, kipande cha simu au redio kiwe na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na risiti itaje aina ya mtandao, muda wa dhamana na jina la muuzaji. Lalamiko la laini hupelekwa kwanza kwa kampuni ya simu, kisha kwa Mamlaka hiyo. La kifaa kibovu huanzia kwa muuzaji, na akikataa, lipelekwe Tume ya Ushindani pamoja na risiti.