Shaba ya Kale Ukutani: Inunue Vipi, Izeeke Vipi

Kigae cha shaba kinachouzwa kama cha kale mara nyingi kimetengenezwa mwaka jana. Kimepakwa dawa kikawa cheusi, kikasuguliwa kidogo kwenye nundu zake ili kionekane kimepita mikono mingi, kikatiwa kwenye boksi. Si dhambi, ilimradi mnunuzi anajua analipia kitu kipya. Kinachonikera ni kwamba mwenye nyumba wa Ipililo, au wa Maswa mjini au Bariadi, huku Simiyu, aliyemaliza kupiga lipu na sasa anataka ukuta mmoja wa sebule uwe na cha kutazamwa, anashauriwa kuagiza mzigo wa aina hiyo kutoka ng'ambo. Shaba yenye umri wake iko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mtu anayeweza kuigeuza kigae yuko mnadani anagonga makarai.

Kihistoria, kanda hii haikuwahi kuwa na vigae vya shaba. Shaba ilifika Usukuma na Unyamwezi kama mali ghafi, ikaishia kuwa waya mwembamba uliozungushwa kwenye bangili na vikuku vya miguuni. Sehemu ya shaba hiyo ilibebwa mabegani kutoka Katanga, katika Kongo ya leo. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa walikwenda huko katika karne ya 19, na mmoja wao, Kalasa, alimfungulia mwanawe njia. Mwana huyo ndiye Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya na kuishika biashara ya shaba mpaka alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, na msafara uliokwenda kuitwaa nchi yake kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wayeyushaji wa huko walijulikana kama walaji wa shaba. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Baadaye, chini ya Rais Mobutu, mkoa wenyewe ukabatizwa jina la Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997.

Shaba kupanda ukutani ni habari ya baadaye, na ilitokea hukohuko. Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, una mafundi wanaogonga picha kwenye mabamba ya shaba nyekundu: mama mwenye mtungi kichwani, uso wa mzee, tembo, kijiji chenye michikichi. Ukitafuta babu wa kigae cha shaba cha Mwafrika Mashariki, ndiyo hayo mabamba. Nayo hayahitaji mashine yoyote.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Bamba la unene wa nusu milimita hivi linapashwa moto wa mkaa hadi liwe jekundu lililofifia, kisha linatumbukizwa majini. Chuma cha jembe ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba hulainika. Bamba lililolainika linalazwa juu ya lami iliyochanganywa na vumbi la tofali na mafuta kidogo, kwa sababu lami inabonyea bila kupasuka na inashika bamba lisicheze. Fundi anageuza upande wa nyuma, anasukuma umbo kwa nondo zenye ncha butu na nyundo nyepesi, kisha anarudi upande wa mbele kukaza mistari. Baada ya muda nyundo inaanza kudunda na sauti inabadilika: shaba imekakamaa kwa kupigwa. Inarudi motoni. Fundi asiyesikia mlio huo ataendelea kugonga mpaka bamba lichanike kwenye kona, na kona ndiyo inayoonekana kwanza ukutani.

Hesabu za mzigo ni rahisi. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo bamba la nusu milimita lina kilo 4.5 hivi kwa mita moja ya mraba. Kigae cha sentimita 20 kwa 20 kina gramu 180. Mstari wa mita mbili, wenye safu mbili za vigae, unachukua vigae 20 na uzito usiofika kilo nne. Ukuta wa tofali za kuchoma hautausikia.

Wengi wa Simiyu walianza kuisikia shaba kwenye taarifa ya habari mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje na kamati ikachunguza makontena 277 bandarini Dar es Salaam. Mchanga ule, uliotoka migodi ya jirani zetu wa Kahama, ulibeba dhahabu, fedha na shaba. Lakini shaba iliyofungwa ndani ya mchanga haimsaidii mpamba nyumba. Inayomsaidia ni ile iliyokwisha kuwa bamba: sinia kuukuu, birika lililotoboka, tangi la maji ya moto lililong'olewa, kisahani cha mizani ya duka la zamani. Rejeta za matrekta nazo zina shaba, ila nakuonya: zimeunganishwa kwa risasi, na ukizipasha moto ndani ya uzio ambapo watoto wanacheza unawavutisha sumu. Mwachie fundi mwenye eneo la wazi, au ziache kabisa.

Unaijuaje shaba ya kale halali? Anza na sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi. Kisha piga tupa kidogo ukingoni: shaba nyekundu ni nyekundu mpaka ndani, shaba ya njano ni mchanganyiko wake na zinki na itakuonyesha unjano, na ukiona weupe umeuziwa kitu kingine. Kisha geuza nyuma. Watu wa viwandani hupamba uso na kusahau mgongo. Bamba lililoishi lina alama za nyundo zisizolingana, pengine kiraka, pengine masalia ya bati lililopakwa ndani ya chombo cha kupikia ili shaba isiingie kwenye chakula. Mwisho, tazama weusi umekaa wapi. Umri wa kweli hujificha mabondeni na kuacha vilima viking'aa, na hauko sawasawa popote.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wateja wengi wanataka ule ukijani wa buluu wanaouona pichani. Ndani ya nyumba ya Usukuma hawataupata kwa kusubiri. Ukijani huo hutaka unyevu wa muda mrefu pamoja na chumvi au moshi wa viwandani. Ndiyo maana shaba ya Unguja inayopigwa na upepo wa bahari hubadilika upesi, na Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886 ikiwa kahawia, iligeuka kijani ndani ya miongo michache. Simiyu ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na bahari iko mbali. Shaba yetu itapita kwenye rangi ya waridi, halafu ya asali, halafu ya kahawia iliyokaangwa, na jikoni itaelekea weusi kwa sababu ya moshi. Kwangu mimi huo ndio uzuri wenyewe, na unakaa vizuri karibu na ukuta wa udongo mwekundu au chokaa. Anayelazimisha kijani kwa chumvi na siki ndani ya sebule kavu anapata unga unaopukutika kwenye makochi, na unga huo si wa kulambwa na mtoto.

Asiye na subira anaweza kuharakisha ukahawia kwa yai. Chemsha yai mpaka ligande, liponde likiwa moto, lifungie pamoja na kigae kisafi ndani ya ndoo yenye mfuniko bila kuvigusanisha. Gesi inayotoka kwenye yai hilo, ile inayonuka kwenye yai viza, ina salfa, na salfa huitia shaba rangi. Chungulia kila baada ya muda na uitoe kabla haijawa nyeusi tii. Kigae kikivuka mpaka, ndimu na chumvi vitakirudisha nyuma. Ila suuza kwa maji mengi: chumvi ikibaki kwenye mistari ya nakshi, masika yakija utaona madoa ya kijani yanachomoza palepale.

Baada ya hapo paka nta ya nyuki, nyembamba, kigae kikiwa cha uvuguvugu, ukipangusa kwa kitambaa cha pamba. Vanishi siipendi. Inang'aa siku za mwanzo, halafu inachubuka pembeni, hewa inaingia chini yake na unapata ramani nyeusi usiyoweza kuifuta bila kuibandua yote. Isitoshe, shaba tupu ina faida yake. Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Marekani uliziandikisha aina kadhaa za shaba kuwa zinaua bakteria zinapoguswa, zaidi ya asilimia 99.9 ndani ya saa mbili. Kitasa cha mlango wa chooni ni mahali pa maana pa shaba kuliko dari, mradi kisipakwe vanishi wala nta.

Sasa ng'ombe. Nyumba nyingi za kwetu ziko hatua chache kutoka zizini, na amonia inayopanda kutoka kwenye mkojo wa mifugo ni adui wa shaba. Waingereza walilijua hilo kwa hasara huko India, pale maganda ya risasi ya shaba ya njano yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipopasuka yenyewe wakati wa mvua. Sababu ilielezwa kitaalamu mwaka 1921: shaba ya njano iliyogongwa hubaki na mkazo ndani yake, amonia na unyevu hupenya kwenye mkazo huo, na ufa unafunguka bila mtu kuigusa. Shaba nyekundu safi ni mvumilivu zaidi, ya njano ni dhaifu. Kwa hiyo kama dirisha lako linatazama zizi, tumia nyekundu, na hakikisha fundi amelirudisha bamba motoni kwa mara ya mwisho baada ya kumaliza nakshi.

Adui wa pili yuko juu ya kichwa chako. Shaba na mabati ya zinki havikai pamoja. Maji yaliyopita kwenye shaba yakidondokea bati, zinki inaliwa, na baada yake chuma. Misumari ya chuma nayo italiwa pale inapogusa kigae. Ile sanamu ya New York ilipata ugonjwa huohuo: mifupa yake ya chuma, iliyobuniwa na Gustave Eiffel, ililiwa na kutu pale ilipogusana na ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 2.4, ikabidi ibadilishwe katika matengenezo ya 1984 hadi 1986. Kwako wewe, tafuta skrubu za shaba ya njano. Hazionekani kama kasoro; mimi nazipenda kuliko gundi, kwa sababu kigae kinaweza kushuka siku moja kikasafishwa na kurudi.

Nyuma ya vigae weka ubao. Plaiwudi ya bei nafuu ni chakula cha mchwa, na mchwa wa Maswa hawahitaji kualikwa mara mbili. Mninga uliokauka unadumu zaidi. Ubao usiguse sakafu. Kati ya kigae na kigae acha milimita moja, maana shaba inatanuka: safu ya mita mbili huongezeka karibu milimita 0.7 joto likipanda nyuzi 20, jambo la kawaida kabisa chini ya paa la bati bila dari.

Kuhusu wingi, nina msimamo mkali. Ukuta mzima wa shaba unaichosha sebule. Mstari mmoja nyuma ya sinki, fremu ya kioo, au vigae tisa ukutani kinyume na dirisha vinatosha. Angalia pia balbu: taa nyingi za sola hutoa mwanga mweupe wa baridi unaoifanya shaba ionekane kama matope. Tafuta balbu ya mwanga wa njano, iliyoandikwa 2700K kwenye boksi.

Na nakshi? Usukuma una hazina yake. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu michoro iliyokuwa ndani ya nyumba za chama cha wacheza nyoka, ukutani kabisa. Ukifika Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yana vifaa vya ngoma na vya watemi vinavyoweza kumpa fundi mawazo ya mwaka mzima. Chatu aliyejikunja, pembe za ng'ombe, tumba la pamba lililopasuka: vyote vinakaa ndani ya sentimita 20 kwa 20. Simba wa kwenye katalogi muache hukohuko.

Unaponunua, omba risiti na uulize kitu kimetoka wapi. Nyaya za umeme na simu huibwa kwa ajili ya shaba yake, na bonge lililoyeyushwa juzi halina historia unayotaka kuitundika. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavitambua kama malikale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Bangili nzito iliyotoka kwenye mji wa mtemi, au kipande kilichofukuliwa shambani na jembe la ng'ombe, hakipelekwi kwa fundi wa vigae. Kipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya kama kilivyo, bila kukisugua.