BUSTANI YA WATOTO NYUMA YA NYUMBA



Mkulima wa karafuu ni mtu aliyezoea kungoja. Hungoja mvua, hungoja mikarafuu itoe, hungoja jua la kuanikia, na akipanda mche leo hungoja miaka sita hata minane kabla hajachuma karafuu za kupimwa. Mtoto hana subira hiyo. Akifukia mbegu jioni, asubuhi huifukua kutazama kama imeota. Basi safari hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya bustani ndogo nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtoto aweza kujifunza kungoja kidogo kidogo.

Huenda mwanachama akauliza: Gazeti la wakulima wa karafuu lina haja gani na mchicha? Haja zipo mbili.

Haja ya kwanza ni jikoni. Sote twajua tabia ya mkarafuu: mwaka huu huzaa hata matawi yakainama, mwaka ujao hutoa kidogo tu. Fedha ya karafuu huja kwa msimu, lakini kitoweo hutakiwa kila siku. Tena mkarafuu una maadui zake. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyoshika mbele kwa karafuu. Wazee waliokuwa na mikarafuu mitupu bila ya kitu kingine walijifunza kwa uchungu. Na leo pia, nani katika sisi hajaona mti uliokuwa mzima ukakauka ghafula?

Haja ya pili ni kubwa zaidi: nani atalishika shamba baada yetu? Mtoto ambaye shamba kwake ni pahala pa kutumwa kuokota karafuu zilizoanguka, na usiku akaketishwa jamvini kuzichambua na makonyo huku akisinzia, hawezi kulipenda. Hiyo kwake ni kazi ya watu wengine. Lakini mpe tuta lake mwenyewe, hata dogo, uone atakavyoamka alfajiri bila ya kuitwa.

MAHALI NA UDONGO. Eneo la hatua tatu kwa hatua mbili latosha kwa kuanzia. Chagua mahali penye jua, si chini ya mwembe, na pawe karibu na kisima au mfereji, kwani mtoto akichukua ndoo mbali atachoka siku ya tatu. Kabla ya kupanda chochote, zungusha ua wa vijiti na makuti. Asiyeweka ua huwa amewalimia kuku.

Lima udongo, toa mawe na mizizi, kisha changanya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza miche. Tuta lisizidi upana wa mita moja, ili mtoto aweze kufika katikati kwa mkono bila ya kukanyaga.

MIMEA YA KUANZIA. Kwanza mchicha, kwa sababu huota upesi. Mbegu zake ni ndogo sana, basi zichanganywe na mchanga mkavu ndipo mtoto azimwage katika mistari. Baada ya wiki tatu au nne mtoto huanza kung'oa iliyosongana, na siku hiyo hiyo ikapikwa kwa tui. Mtoto anayekataa mboga za sokoni, hii ataila, na atahesabu nani amekula ngapi.

Pili ni bamia. Mbegu zilale majini usiku mmoja, kisha ziwekwe mbili mbili katika shimo, na ikiota ibakizwe moja iliyo na nguvu. Baada ya miezi miwili hivi huwa zinachumwa. Zichumwe mapema, kwani zikikomaa huwa ngumu kama vijiti. Matembele hayana tabu yoyote, ni kuchomeka vipande vya mashina tu katika udongo wenye maji. Kunde nazo ni mwalimu mzuri: ukiing'oa taratibu utamwonyesha mtoto vijinundu vya mizizini, ambamo mna vijidudu vinavyoutia udongo rutuba. Tungule ziachwe mpaka mara ya pili, kwani zina maradhi mengi na zaweza kumvunja moyo anayeanza.

Kumwagilia kufanywe asubuhi au jioni, kwa kopo lililotobolewa matundu chini. Juu ya tuta tandaza majani makavu ili unyevu usipotee. Wadudu waokotwe kwa mkono. Dawa za sumu zisiguswe na mtoto, wala chupa zake zisiwekwe pale anapofika.

Kisha liko jambo moja linalotushinda wengi. Mistari ya mtoto ikienda kombo, tuiache. Mtu mzima akiinyoosha wakati mtoto amelala, asubuhi bustani si yake tena.

KOSA LETU SISI. Hapo nyumbani kwetu yuko binti wa miaka minane. Ndugu yake alichagua bamia. Yeye akasema ataka mkarafuu wake mwenyewe. Tukafurahi, tukamletea matunda yaliyoiva, yale ya rangi ya zambarau yaliyoachwa mtini. Lakini mkono wa mkulima wa karafuu umezoea kuanika. Tukayaweka juani siku nne, tukidhani twayatengeneza, kisha tukampa akapanda.

Alimwagilia kila jioni. Mchicha wa pembeni ukaliwa mara mbili, bamia za ndugu yake zikatoa maua, mstari wake ukabaki udongo mtupu. Siku moja tukamkuta amekaa penye tuta. Akasema, "Bamia za kaka zimeota. Mkono wangu mimi hauoteshi kitu."

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo tulilijua tangu zamani. Mbegu ya mkarafuu si kama kunde, haiwekwi. Ikikauka imekufa. Si wepesi kwa mtu aliyeanika karafuu maisha yake yote kumwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Lakini tuliona tukinyamaza, ataamini kwamba mkono wake ni mbaya, na atauamini uongo huo mpaka ukubwani. Tukamwambia: Kosa si lako, ni letu, tuliziua sisi kabla hujazipanda. Akatutazama kitambo, akauliza, "Basi lini tutapata nyingine?"

Msimu uliofuata tulifanya inavyopasa. Matunda yalichumwa yameiva, yakalala majini usiku mmoja, ngozi ikamenywa kwa vidole, na kesho yake mbegu zikapandwa bila ya kuona jua. Hazikufukiwa sana, kiasi cha pingili ya kidole tu, na juu yake tukajenga kichanja cha makuti kuzitia kivuli. Udongo ulikuwa na unyevu kila siku bila ya maji kutuama. Wiki zikapita. Mbegu moja aliifukua kutazama, nasi hatukumkemea. Kisha vikatokea vichipukizi vyenye wekundu wekundu. Katika mbegu kumi zimeota saba.

Sasa miche hiyo imehamishiwa katika makopo marefu yaliyotobolewa chini, na kivuli chake twakipunguza kidogo kidogo ili izoee jua. Ikifika kimo cha kutosha, itakwenda shambani wakati wa masika, katika mashimo ya mikarafuu iliyokufa. Binti amekwisha kupiga hesabu yake: mti wake wa kwanza ukianza kutoa, yeye atakuwa na miaka kumi na sita au zaidi. Alipoambiwa kwamba ni muda mrefu, alijibu kwamba bamia zitakuwapo za kula.

Basi ndugu wanachama, wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Mvua za masika zikianza, mpe kila mtoto wa nyumba yako tuta lake, mbegu zake na kopo lake la maji. Mboga zitasaidia jikoni mwaka ule mikarafuu isipotoa. Na kama mtoto ataomba mkarafuu, mpe mbegu mbichi.