Kompyuta na Tahajia ya Kiswahili

Kikagua tahajia cha kompyuta, katika umbo lake sahili, ni orodha ya maneno. Neno lililoandikwa hulinganishwa na orodha, na lisipoonekana humo hupigiwa mstari mwekundu. Kwa Kiingereza, lugha yenye viambishi vichache, utaratibu huo watosha kwa kiasi kikubwa. Kwa Kiswahili haufai.

Na uchukuliwe mfano wa kitenzi pika. Viambishi vya mtenda ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi- na zi-, vikiunganishwa na vya wakati -na-, -li-, -ta- na -me-, huzaa maumbo 48. Vikiongezwa viambishi 12 vya mtendwa, pamoja na umbo lisilo na mtendwa, hesabu hufika 624 (ingawa machache, kama vile ninanipika, hayasemwi). Hapo ukanusho na urejeshi havijaguswa, wala pikia, pikisha na pikiana. Hivyo mwanafunzi aliyeandika hawajatupikia, neno lisilo na kasoro, huoneshwa kuwa amekosea. Akizoea kulaumiwa bila hatia, ama atakipuuza chombo hicho au, jambo lililo baya zaidi, atayakwepa maneno marefu ya lugha yake.

Si ajabu kwamba ufumbuzi ulitoka Ufini, kwani Kifini nacho hupachika viambishi kwa wingi. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alieleza mofolojia ya ngazi mbili, ambayo huipa mashine mizizi, viambishi na kanuni za kuviunganisha badala ya maneno kamili. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha makala yanayoitumia nadharia hiyo kuchanganua Kiswahili.

Sarufi ni ngumu zaidi. Kiboko kimepotea na kiboko amepotea ni sentensi sahihi zote mbili: ya kwanza yahusu mjeledi, ya pili mnyama. Mashine inayofuata kiambishi ki- peke yake itamkosoa bure mwandishi wa sentensi ya pili.

Aidha, kuna suala ambalo wahandisi hawana mamlaka ya kulikata. Mmvita husema ndia pale Kiswahili sanifu kisemapo njia, na chombo kitamkosoa. Lakini akiandika ndoo kwa maana ya njoo, chombo kitanyamaza, kikidhani ametaja chombo cha kutekea maji.