Istilahi za Mapambo ya Jadi katika Mitindo ya Kisasa: Urugori, Igisingo na Soko la Mpakani Rubavu

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mapambo ya mwili ya kale ya Rwanda yanavyorejea katika mavazi ya kila siku, na namna yanavyotajwa yanapovuka kutoka Kinyarwanda na kuingia Kiswahili. Hoja yake ni kwamba pambo linalofufuliwa bila jina lake hufufuka umbo tu, na kwamba hasara ya jambo hilo humwangukia kwanza mtengenezaji wa kijijini. Tarafa ya Cyanzarwe, Wilaya ya Rubavu, imechukuliwa kuwa kielelezo. Mapendekezo matatu yametolewa kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo, ili kukuza viwanda vya nguo vya ndani. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusitisha nafuu ya ushuru kwa mavazi ya Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Katika mvutano huo wabunifu wa Kigali waligeukia urithi wao. Inzuki Designs, iliyoanzishwa na Teta Isibo mwaka 2010, ilijikita katika vipuli, mikufu na bangili. Moshions, iliyoanzishwa na Moses Turahirwa mwaka 2015, ilileta shanga na ruwaza za jadi katika nguo za kisasa. Leo mapambo yaliyokuwa ya makumbusho yanaonekana harusini, maofisini na barabarani.

Mjadala kuhusu mwelekeo huu umekuwa wa kiuchumi zaidi. Upande wa lugha haujapewa nafasi inayostahili, ilhali Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017 na ndiyo lugha ambayo bidhaa hizi huuzwa nayo zinapofika Goma, Bujumbura, Kigoma au Nairobi.

2. Mapambo na maana zake

Urugori ni utepe mwembamba wa ganda la bua la mtama unaozungushwa kichwani, juu ya paji la uso. Kimila haukuwa pambo la mwanamke yeyote. Ulivaliwa na aliyekwisha kuzaa, ukawa tangazo la uzazi na heshima ya mama. Uteuzi wa mtama haukuwa wa bahati: mtama ndio nafaka ya umuganura, sherehe ya malimbuko, nao ulihusishwa na baraka na uzazi. Kinyarwanda kina hata kitenzi kinachoandamana na urugori, yaani gutamiriza, kama vile Kiswahili kinavyosema kupiga kilemba au kujitanda ushungi.

Igisingo lilikuwa pambo la kichwa la shanga lililohusishwa na ukoo wa kifalme. Ubutega ulikuwa vikuku vya nyuzi za mimea vilivyovaliwa kwa wingi miguuni na wanawake. Amayugi ni njuga za miguuni, na imigara ni manyoya marefu ya kichwani ya wacheza ngoma wa Intore, sanaa iliyoingizwa mwaka 2024 katika Orodha Wakilishi ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kila pambo hapa lilijibu swali: huyu ni nani, yuko katika hatua gani ya maisha, na tumpe heshima ipi? Mitindo ya kisasa imelegeza majibu hayo. Bibi harusi ambaye hajazaa huvaa utepe wa shanga unaofanana na urugori, na wageni hushangilia. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika historia ya mavazi. Kanga na kofia za pwani nazo zimebadili wavaaji na maana mara nyingi. Lakini mabadiliko yanayofanywa kwa kujua ni tofauti na yale yanayotokea kwa kusahau.

3. Pambo linapovuka mpaka

Cyanzarwe imepakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani na mji wa Gisenyi. Nyumbani watu husema Kinyarwanda. Katika biashara ya Gisenyi na Goma Kiswahili hutawala. Mtengenezaji wa huko akitaka kumweleza mteja wa Goma bidhaa yake, ana njia tatu: kutafsiri, kukopa jina lilivyo, au kulikopa na kulitohoa.

Tafsiri iliyo karibu zaidi ya urugori ni taji. Neno hili humfanya mteja afikirie ufalme au mashindano ya urembo, wala halimfikishi kwa mama. Aidha, igisingo nalo litaitwa taji, na vitu viwili vyenye historia tofauti vitakuwa kitu kimoja. Kwa amayugi, kinyume chake, Kiswahili kina njuga, na hapana haja ya kukopa. Kwa ubutega, mtali na furungu hayafai, kwa kuwa huashiria mapambo ya madini. Kikuku cha nyuzi ni maelezo yanayotosha, lakini si jina.

Njia ya kutohoa ina msaada mkubwa katika mfumo wa ngeli. Kinyarwanda ikirago, ibirago ni Kiswahili kirago, virago. Kwa mlinganisho huo, igisingo, ibisingo hupata kwa urahisi umbo la kisingo, visingo. Irabu tangulizi hudondoshwa, na /g/ ya kiambishi, inayotokana na Kanuni ya Dahl kwa sababu ya /s/ inayofuata, hurudi kuwa /k/. Msemaji wa Goma, ambaye husema bitu badala ya vitu, atasema bisingo, na hivyo atakuwa karibu na Kinyarwanda kuliko na Kiswahili sanifu. Vilevile ururimi, indimi ni ulimi, ndimi. Basi urugori, ingori huweza kuwa ugori, ngori.

Hata hivyo, urahisi wa kimofolojia si amri. Mwaka 2018 mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alipotokea katika hafla ya Oscar na nywele zilizoiga amasunzu, jina hilo la Kinyarwanda lilisafiri pamoja na mtindo hadi katika magazeti ya kigeni. Jina lililokwisha kujulikana katika umbo lake la asili halina sababu ya kubadilishwa. Kwa hiyo napendekeza urugori libaki urugori katika maandishi ya Kiswahili, na kisingo likubaliwe kwa igisingo, ambalo bado halijaenea.

4. Kwa nini jina ni suala la sera

Pambo linapouzwa kama taji la Kiafrika, yeyote popote anaweza kulitengeneza kwa plastiki na kuliuza kwa bei ndogo, na mnunuzi hana msingi wa kuuliza asili yake. Linapouzwa kama urugori, swali la bua la mtama, la mkono ulioliandaa na la mahali lilikotoka linakuja lenyewe. Jina hufanya kazi ya ulinzi kabla ya sheria kufika.

Swali la mtama lina uzito wa pekee Rubavu. Mpango wa Rwanda wa kuongeza tija ya mazao, ulioanza mwaka 2007, ulitoa kipaumbele kwa mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na muhogo. Mtama haukuwamo. Katika ardhi ya volkano ya Rubavu viazi vina soko la hakika, na mkulima hawezi kulaumiwa kwa kuvichagua. Lakini wizara moja ikihimiza vazi la jadi huku nyingine ikiliacha zao linalozaa vazi hilo nje ya vipaumbele vyake, urugori utabaki kwa jina, na mwili wake utakuwa wa shanga zilizoagizwa kutoka nje.

5. Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na taasisi za lugha na utamaduni za Rwanda kuandaa orodha fupi ya istilahi za mapambo ya eneo hili, ikionyesha jina la asili, umbo la Kiswahili, malighafi na mvaaji wa kimila. Pili, lebo za bidhaa hizi zibebe jina la asili na sentensi moja ya maelezo kwa Kiswahili. Tatu, programu za mavazi ya ndani zihesabu malighafi: vikundi vya mafundi wa tarafa kama Cyanzarwe viunganishwe na wakulima walio tayari kupanda mtama hata kando ya mashamba ya viazi.

Hakuna kati ya haya linalodai kwamba mwanamke wa leo azuiwe kuvaa urugori kabla ya kuzaa. Uamuzi huo ni wake na wa jamaa zake. Wajibu wa wanalugha ni mdogo zaidi: kuhakikisha kwamba anapouvaa, anaweza kuutaja, na anayemuuliza maana yake anapata jibu.