Mchagua Jembe Si Mkulima

Wazee wetu walipotuachia methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima, hawakuwa na habari ya pikipiki za mashindano. Hata hivyo, ikiwa pana mahali katika dunia ya viwanda ambapo methali hiyo imepata ushahidi wake, ni katika mji mdogo wa Zschopau, jimbo la Saxony, katika nchi iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Huko, katika miaka ya 1950, kikundi kidogo cha mafundi wenye fedha chache kiliunda pikipiki ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 125 tu, nayo ikawatoa jasho matajiri wa Italia na Japani. Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya pikipiki hiyo, maana habari yake haiwahusu wapenda mbio peke yao. Yamhusu kila mfanyakazi aliyepata kuambiwa kwamba kazi njema haiwezekani mpaka fedha nyingi zipatikane kwanza.

Kabla ya vita, kiwanda cha Zschopau, kilichoasisiwa na Mdenmaki aitwaye Jørgen Skafte Rasmussen, kilitengeneza pikipiki za DKW, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani katika kazi hiyo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mitambo yake ilifunguliwa skrubu kwa skrubu, ikachukuliwa na Warusi iwe fidia. Michoro ya pikipiki yake ndogo, RT 125, nayo ikawa ngawira. Waingereza waliifuata wakatoa BSA Bantam. Harley-Davidson ya Marekani ikatoa ya kwake. Warusi wakatoa Moskva. Na mwaka 1955 Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki yake ya kwanza kwa kuuiga mfano ule ule. Waliobaki Zschopau walibaki na kuta, na mikono yao, na yale waliyokuwa nayo vichwani. Hilo ndilo jembe walilopewa, nao hawakuchagua.

Yafaa tueleze kwanza injini yenyewe, ili msomaji asiye fundi aende pamoja nasi. Injini ya mipigo minne ina valvu na springi zake, na vyombo vingine vya kuzifungua na kuzifunga, na kila kimoja chataka mashine ya kukichonga na fedha ya kukinunua. Injini ya mipigo miwili haina hayo. Pistoni yenyewe, ipandapo na kushuka, hufungua na kufunga matundu yaliyotobolewa ubavuni mwa silinda. Vyombo vikubwa vinavyokwenda ndani yake ni vitatu tu: pistoni, konrodi na krenki. Ndiyo maana ni injini ya mtu maskini. Lakini kila cha rahisi kina gharama yake: tundu la kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na tundu la kutoa moshi, hukaa wazi pamoja kwa kitambo, na sehemu ya petroli mbichi hutoroka nje pamoja na moshi kabla ya kuungua. Kwa sababu hiyo mabingwa wengi wa zama zile waliidharau, wakaiona kuwa ni injini ya kwendea sokoni.

Hatua ya kwanza haikutoka kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwako mwendesha mbio mmoja, Daniel Zimmermann, aliyekuwa akijiundia pikipiki zake mwenyewe. Alichukua injini ya RT 125 akaitia ubavuni sahani nyembamba ya chuma cha springi, iliyokatwa pengo upande mmoja, ikizunguka pamoja na krenki. Pengo lifikapo mbele ya kabureta, hewa huingia. Lipitapo, mlango hufungwa. Hivyo injini ilianza kuvuta hewa mapema na kuifunga kwa wakati, jambo ambalo pistoni peke yake haliwezi. Chuma chenyewe kilikuwa chembamba kama kisu cha jikoni. Lakini pikipiki za kiwanda ziliachwa nyuma na pikipiki ya mtu mmoja.

Mwaka 1953 idara ya mashindano ya kiwanda ilikabidhiwa kwa mhandisi Walter Kaaden. Hapa ndipo twapaswa kumpa heshima yake ya kwanza. Mkubwa mwingine angaliona haya kujifunza kwa mtu wa nje. Angaliandika barua ya kumkemea. Kaaden aliichukua ile sahani, akaifanya msingi wa kazi yake yote.

Kisha akaligeukia bomba la moshi. Si yeye aliyelibuni. Upande wa magharibi fundi wa DKW, Erich Wolf, alikwisha kulitumia bomba lililotanuka katikati. Lakini ni Kaaden aliyekaa akalisoma kama mwanafunzi asomavyo hesabu. Tundu la moshi lifunguliwapo, mshindo hukimbia ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti, ambao katika moshi wa moto ni kama meta 500 kwa sekunde. Bomba linapotanuka, hurudi wimbi la kuvuta, nalo huufyonza moshi wa zamani na kuuvuta mchanganyiko mpya ndani ya silinda. Mbele kidogo, bomba linapobanwa tena, hurudi wimbi la kusukuma, nalo huirudisha ndani ile petroli mbichi iliyokuwa ikitoroka. Yaani kile kilichokuwa aibu ya injini hii, mlango usiofungwa kwa wakati, kilipata bawabu asiye na mwili wala mshahara.

Bawabu huyo hafiki ila apigiwe hesabu. Injini ikizunguka mara 10,800 kwa dakika, ni mara 180 kwa kila sekunde. Tundu la moshi hukaa wazi karibu nusu ya mzunguko, na katika muda huo sauti hukimbia kama sentimita 140: yaani kwenda sentimita 70 na kurudi 70. Bomba likizidi au likipungua, wimbi hufika mlango umekwisha fungwa, au hufika kabla ya wakati likavuruga kila kitu. Bomba lenyewe ni bati lililokunjwa na kuchomelewa. Thamani yake ni vipimo vyake. Kaaden alikata, akachomelea, akapima, akaandika, akakata tena. Injini ya RT 125 ya barabarani ilikuwa na nguvu za farasi 5 hivi. Mwaka 1961 injini ya mashindano ya ujazo huo huo ilifikisha nguvu za farasi 25, nayo yatajwa kuwa injini ya kwanza isiyosukumiwa hewa kwa mtambo kufikia kipimo cha nguvu za farasi 200 kwa kila lita.

Matunda yalionekana. Mwaka 1958 Horst Fügner alishinda mbio za Sweden kwa MZ, jina ambalo kiwanda kilikuwa kimekwisha kulichukua, akawa wa pili duniani katika daraja la 250. Mwaka 1959 Ernst Degner alishinda Monza, nyumbani kwa Waitalia, katika daraja la 125.

Basi mtu wa kipato kidogo atakaye kuunda pikipiki ndogo ya mashindano ajifunze nini hapo? Kwanza, aanze na injini ya kawaida ambayo vipuri vyake vyapatikana, wala asitamani ya fahari. Pili, fedha ya kwanza iende mahali pasipoonekana: beringi za krenki, sili zake, pistoni na ringi. Katika injini ya mipigo miwili nyumba ya krenki ndiyo pampu. Sili ikivuja, hewa ya wizi huingia, petroli hupungua, na pistoni hutoboka kwa joto. Tatu, kabla ya kuongeza mwendo, anunue breki na tairi njema. Maana afadhali kuchelewa kumaliza kuliko kuwahi kuzikwa.

Hapo ndipo aguse matundu ya silinda, naye aguse kwa adabu. Duara la karatasi ngumu lililogawanywa digrii 360 na kufungwa kwenye ncha ya krenki litamwonyesha kila tundu lafunguka wapi na kufungwa wapi. Apime, aandike, ndipo achukue tupa. Na akumbuke kwamba tupa huondoa, hairudishi. Abadili jambo moja kwa wakati mmoja, maana abadiliye mambo matatu siku moja hatajua lililomfaa wala lililomdhuru. Kabureta aianzishe na petroli ya kuzidi, apunguze kidogo kidogo, na kila mara aifungue plagi na kuitazama rangi. Ikiwa ya kahawia, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na yenye umajimaji, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, azime injini kabla haijazima yenyewe. Hayo yote yataka muda mwingi na fedha kidogo, na muda ndio mali ambayo maskini aweza kuitumia bila kukopa.

Lakini tusidanganyane. Habari ya Zschopau haikuishia katika furaha, nasi hatutaki kuwaficha wasomaji wetu nusu yake chungu. Injini zile, zilizokamuliwa hadi tone la mwisho, zilikuwa zikikwama kwa joto, na ushindi mwingi ulipotea njiani. Tena, Agosti 1961 ukuta ulijengwa Berlin. Septemba 17 mwaka huo, mjini Kristianstad, Sweden, Degner alikuwa akiongoza hesabu ya ubingwa wa dunia wa 125. Injini yake ilikufa katikati ya mbio, naye usiku ule hakurudi na wenzake. Mkewe na watoto wake walikuwa wamekwisha kuvushwa kwa siri kwenda upande wa magharibi. Alikwenda Suzuki ya Japani, kampuni ambayo mwaka ule haikuwa ikifua dafu mbele ya MZ, akiwa na ujuzi wa Kaaden kichwani. Ubingwa wa 125 ulichukuliwa na Tom Phillis wa Honda. Mwaka 1962 Degner akawa bingwa wa dunia wa daraja la 50 juu ya Suzuki. MZ haikuupata ubingwa wa dunia katika mbio za barabara hata mara moja.

Wako wamwitao Degner mwizi, na wako wamwitao mtu aliyeutafuta uhuru wake. Sisi twaona kwamba swali kubwa zaidi lawahusu waliobaki. Waliojenga ukuta walidhani kwamba mtu aweza kuzuiwa kwa zege. Wakasahau kwamba ujuzi haufungwi kwa kufuli bali hukaa ndani ya mtu, na mtu asiyejiona kuwa mwenye mali hataikesha mali hiyo usiku. Jambo la pili ni gumu zaidi kumeza: akili ya maskini humshinda tajiri mpaka siku tajiri aipatapo akili hiyo, toka siku hiyo fedha hurudi kazini. Suzuki walikuwa na chuma bora, mashine bora na watu wengi wa kujaribu. Asemaye kwamba juhudi peke yake yatosha milele hasemi kweli.

Hata hivyo, jembe halikutupwa. Kaaden hakuhama, alibaki Zschopau na kazi yake, na mwaka 1963 Mike Hailwood, bingwa wa Uingereza, aliipanda MZ ya 250 akashinda Sachsenring mbele ya umati wa Wajerumani wa Mashariki. Ujuzi wake nao ulienea kuliko jina lake. Mwaka 1975 Giacomo Agostini alichukua ubingwa wa daraja kubwa la 500 juu ya Yamaha ya mipigo miwili, na toka hapo hadi mwaka 2001 hakuna bingwa wa daraja hilo aliyepanda injini ya namna nyingine. Hata pikipiki za Yamaha na Suzuki zilizonguruma katika barabara zetu za vumbi zilikuwa za ukoo wa kiwanda kile kilichonyang'anywa mitambo.

Kaaden alifariki mwaka 1996. Basi tumwonapo kijana wetu chini ya mwembe, akiwa na silinda kuukuu magotini, tupa mkononi na daftari chafu la oili kando yake, tusimcheke wala tusimfukuze kana kwamba acheza. Tumwulize amepima nini leo, na ameandika nini. Na kama hajaandika, tumpe kalamu.