Hadithi ya Tokyo: Filamu ya Familia Katika Somo la Kiswahili

Filamu ya Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, ilitengenezwa mwaka 1953 na Mjapani Yasujiro Ozu (1903–1963). Mwaka 2012, waongozaji wa filamu walioulizwa na jarida la Sight & Sound la Uingereza waliipa nafasi ya kwanza. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini inamfaa mwalimu wa Kiswahili hapa Bujumbura, ingawa ndani yake hamna neno hata moja la Kiswahili.

Kisa

Wazee wawili, Shukichi na Tomi, wanatoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Koichi ni daktari, Shige ana saluni. Wote wana shughuli nyingi. Wazee wanapelekwa Atami, penye chemchemi za maji moto, ambako wanakosa usingizi kwa kelele za wageni. Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Anaomba ruhusa kazini na kuwatembeza mjini. Katika safari ya kurudi Tomi anaugua, na muda si mrefu anafariki nyumbani kwake.

Adabu ya maneno na adabu ya matendo

Sisi walimu tunafundisha heshima kwa maneno: shikamoo, tafadhali, naomba. Filamu hii inatuuliza kama hayo yanatosha. Watoto wa Shukichi hawawatukani wazazi wao. Lakini mume wa Shige anapowanunulia wazee keki, Shige anasema ni ghali mno. Mteja anapouliza wale wazee ni nani, anajibu kuwa ni watu wa shamba anaofahamiana nao. Amebadili nomino moja tu, na papo hapo baba na mama wamekuwa wageni.

Methali husema damu ni nzito kuliko maji. Hapa mambo yamegeuka: asiye wa damu ndiye anayetenda kama mtoto. Nchini kwetu, ambako vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha wajane wengi, nafasi ya Noriko katika ukoo wa marehemu mumewe si jambo la mbali.

Aidha, filamu hii yafaa kulinganishwa na Gito l'ingrat (1992) ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Burundi, inayomhusu kijana aliyerudi kutoka Paris na matumaini makubwa ya cheo. Ngabo anamwita kijana wake asiye na shukrani tangu kwenye jina la filamu. Ozu hamhukumu mtu. Hata Noriko, binti mdogo Kyoko anapowalaumu ndugu zake, anamweleza kwamba watoto wakikua hupata maisha yao wenyewe. Hukumu anaachiwa mtazamaji.

Namna ya kuitazama

Mwanafunzi aliyezoea filamu za mapigano ataona hii inakwenda polepole. Tumwelekeze atazame kamera: imewekwa chini, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi mkekani, na ni nadra sana kusogea. Kwa hiyo tunakuwa kama mgeni aliyekaribishwa kuketi na familia, anayesikiliza bila kuingilia.

Kazi za darasani

1. Msamiati wa ukoo: Noriko ni mkaza mwana wa Tomi na wifi yake Shige. Mkaza mwana hatawasumbua wanafunzi wetu, kwani Kirundi kina umukazana. Waeleze uhusiano wa wahusika wote.

2. Mazungumzo: wanafunzi wawili waigize Shige na mteja wake kwa Kiswahili, kwanza kama ilivyo katika filamu, kisha Shige akiwatambulisha wazazi wake inavyostahili.

3. Insha: mzazi kutoka mkoani amefika Buyenzi kwa mwanawe asiye na nafasi. Andika barua ambayo mzazi huyo anamwandikia jirani yake baada ya kurudi, bila kutumia neno lolote la lawama. Zoezi hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloonyesha kama filamu imeeleweka.